Sweta za Ghorofa ya Tatu

Nje jua lilikuwa likiunguza lami, lakini ndani ya jengo la halmashauri, ghorofa ya tatu, makarani walivaa sweta. Mzee Makame, msimamizi wa jengo, aliionea fahari baridi hiyo ya viyoyozi. Mgeni akitetemeka, yeye hutabasamu.

Tunu alikuwa ametumwa kupima hewa ya ukaa inayotokana na jengo hilo. Alishamaliza kukagua jenereta na viyoyozi. Sasa alikuwa akizitazama zile sweta.

"Binti, bila mashine mpya hatupunguzi kitu," Makame alimwambia.

"Mzee wangu, hiyo uliyovaa kakufumia nani?"

"Mke wangu. Tangu nihamie hapa nakohoa tu."

"Kwa hiyo jenereta linachoma mafuta ili upate baridi, na mkeo anafuma ili upate joto."

Makame alifungua mdomo amjibu, kikohozi kikamtangulia.

Kilipotulia, alizima kiyoyozi. Akakwangua kwa kisu rangi iliyoliziba dirisha, akalisukuma kwa bega mpaka likaachia. Harufu ya mahindi ya kuchoma ikaingia. Karani mmoja akavua sweta, kisha mwingine.

Makame akavua yake mwisho, akaitundika kwenye komeo la dirisha. Upepo ukaijaza, mikono ya sweta ikanyanyuka.