Pampu ya Bluu

Bosi alishamwonya Spana asizikaze nati sana. "Mkono tu unatosha," alisema. "Ukizikaza sasa, jioni utahangaika."

Spana akazikaza kwa mkono. Pampu ile aliijua kuliko alivyomjua mkewe. Alishaifunga katika vijiji vingi, na katika vijiji hivyohivyo akaifungua jioni ileile, wageni wakishaondoka na wenyeji wakiambiwa inapelekwa karakana kidogo, itarudi. Haikurudi. Ilipakwa rangi mpya, ikapelekwa kwingine, ikakatiwa utepe mwingine. Shimo lenyewe lilikuwa fupi, halikukaribia maji hata kwa dua. Gari la maji lilipita mapema kulijaza, kiasi cha kutosha sherehe na picha.

Muda wote huo Spana alipokea mshahara wake na kufunga mdomo. Lakini safari hii kijiji kilikuwa cha mama yake.

"Rangi iliagizwa njano," Bosi alinung'unika, akiigusa pampu kwa kidole kuona kama imekauka. "Dukani kulikuwa na bluu tu. Bluu, njano, nani ataangalia?"

"Kwani huwa anaagiza nani?"

"Wakubwa. Wewe funga pampu."

Mama alifika kabla ya watu wote, ndoo mpya kichwani. Magoti yake yalikuwa yamekwisha kwa kushuka na kupanda bondeni, kufuata maji yenye rangi ya chai. Siku hiyo alitembea kama hana maumivu, akiwaambia majirani, hata wasiouliza, kwamba yeye ndiye aliyemzaa fundi wa mashine ile.

"Mwanangu, bondeni sasa basi?"

"Basi, mama."

"Haya magoti yatakuombea," mama alisema, akacheka peke yake.

Spana aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Akapiga moyo konde. Bosi hakuwa mtu wa kuambiwa kitu, maana ndiye aliyekuwa akila. Wa kuambiwa alikuwa Mgeni, aliyetoka nchi iliyotoa pesa. Huyo alikuwa mtu mwema, Spana hakuwa na shaka. Kila ufunguzi aliinama kuwasalimia wazee, akasukuma mpini taratibu, mara chache tu, kisha akaacha, kama mtu asiyetaka kuwamalizia wenyeji maji yao. Maskini, anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa na hana habari. Pesa za watu wa kwao zinaliwa mchana kweupe. Akijua atawaka, na akiwaka kisima cha kweli kitachimbwa.

Tatizo lilikuwa lugha. Mgeni alizungumza kupitia mkalimani, na mkalimani alikuwa shemeji yake Bosi. Basi Spana akatafuta njia isiyopita kwa shemeji wa mtu. Akachukua bisibisi, akachuchumaa nyuma ya pampu kama anayekagua kazi yake, akakwangua rangi shingoni mwa pampu, mahali padogo penye upana wa vidole. Bluu ikabanduka. Chini yake palikuwa na nyekundu, kisha kijani, kisha nyeupe, na chini kabisa bluu nyingine iliyofifia. Kila rangi ilikuwa kijiji. Akapafunika kwa kitambaa chake cha kufutia mikono na kusubiri.

Magari yakafika na vumbi lake. Mgeni akasalimia, akainama kwa wazee, akasimama mbele ya utepe.

"Kwetu kuna watu wanaolalamika," mkalimani alimfasiria. "Wanasema nchi tajiri zina mkono wa birika. Wanasema tungetaka kweli, umaskini ungekwisha duniani. Hao ningependa waje hapa wajionee. Tumetoa vya kutosha, na tutaendelea kutoa."

Watu wakapiga makofi. Mama, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, akaipiga ndoo yake kama ngoma.

Utepe ukakatwa. Mgeni alipousogelea mpini, Spana akajitia anamwelekeza pa kushika. Akakiondoa kile kitambaa, akamshika Mgeni kidole, akakiweka pale palipokwanguliwa na kukipitisha polepole juu ya rangi moja baada ya nyingine. Bosi aliona. Mdomo ukamfunguka, lakini mbele ya kamera angesema nini?

Mgeni akainama. Akaangalia kwa muda, na uso wake ukakunjana. Spana akajua hasira imepanda, moyo ukamdunda kwa furaha kama mtoto aliyesikia baba amerudi safari. Alitamani kumwita mama asogee aone. Alishapoteza kazi, hilo alilijua, wala halikumuuma.

Mgeni akakichukua kitambaa mkononi mwa Spana. Akakizungushia shingoni mwa pampu, akakifunga fundo zuri lililoficha kila kitu. Kisha akaupokea mkono wa mama, akauweka juu ya mpini pamoja na wake, wakasukuma. Maji yakatoka. Mama akafumba macho. Mgeni akasukuma mara chache tu, akaacha, akamwinamia Spana sikioni huku akiitabasamia kamera, wala hakumtafuta mkalimani.

"Niliagiza njano," alisema kwa Kiswahili kilichonyooka. "Bluu tulishaitumia."