Kikopo cha Filmon

Mwatumu, nesi wa kifua kikuu, alirudi na habari njema kwenye chumba walimopanga vibarua wa kigeni wa kiwanda cha matofali. Makohozi yao yalikuwa yamepimwa, na hakuna aliyekutwa na ugonjwa.

Hakuna aliyefurahi. Nyuma ya pazia mtu alikohoa, kisha sauti ikazibwa na blanketi.

"Nani huyo?"

Habtom, mkubwa wao, aliinamisha kichwa. "Mdogo wangu, Filmon. Dada, makohozi yote yale yalikuwa yangu. Nilijaza vikopo vya wote. Tulisikia anayekutwa mgonjwa anarudishwa kwao, na kwetu kuna vita."

"Harudishwi mtu, kaka. Anapewa dawa, tena bure. Mngeniuliza tu!"

Alifungua pazia. Filmon alikuwa amebaki mifupa, na blanketi lake lina madoa ya damu. Mwatumu akatoa kikopo kipya. Habtom akapiga magoti, akamwinua mdogo wake, akamshikia kikopo mdomoni.

"Kohoa, Filmon. Sasa kohoa."

Chumba kizima kikasubiri kile kikohozi ambacho siku zote walikuwa wakimsihi akizuie.