Mutoto Anaendelea Aje?

"Na mutoto je, hajatokwa na vipele?"

Simu nusura imponyoke Houda. Alikuwa dukani kwake Nyakabiga, akimpimia mteja mchele, na mpigaji alikuwa yuleyule kijana wa afya aliyempigia jana. Alikuwa amemwambia kwamba mgonjwa mmoja wa ule ugonjwa wa vipele alikaa naye karibu, kwa hiyo watamfuatilia kila asubuhi. Jina la mgonjwa? Siri. Houda naye hakuulizwa jina; aliitwa mama tu.

Maswali ya homa Houda aliyajibu vizuri. Lakini mtoto! Miaka yote ya ndoa yake na Hamimu, Mungu hakuwajalia mtoto.

Angesema hana, yakaisha. Ila wivu ulimwambia huenda Hamimu ana mtoto nje, akataka kwanza kujua kijana anajua nini.

"Hajambo," alisema polepole. "Kwani nani aliwaambia habari ya mutoto?"

"Mgonjwa mwenyewe, mama. Alisema alimubeba."

Jioni Hamimu alirudi kutoka gereji. Houda alimweleza habari za simu, za mtoto akazimeza. Mume akacheka.

"Wanamaliza unite za simu bure! Mutu muzima kila siku anaulizwa, una homa, hauna homa. Hizo pesa wangenunua dawa. Usipokee tena."

Usipokee tena. Hayo tu ndiyo Houda aliyoyasikia. Kwa nini alitaka simu zikome?

Tangu hapo hakupata usingizi wa raha. Hamimu akichelewa, alimpekua mifuko. Akisema gari la mteja limekwama kwenye matope ya Buterere, Houda aliona mwanamke wa Buterere, kijana, mnene, na mtoto mgongoni. Na kila asubuhi kijana alipouliza "Mutoto anaendelea aje?", alijibu "Hajambo, anacheza," huku akisubiri ulimi wa kijana uteleze. Haukuteleza.

Mwishowe uvumilivu ukamwishia.

"Mutoto wako ana umri gani?" alimuuliza Hamimu wakiwa mezani.

"Mutoto gani?"

"Usinifanye mujinga! Mgonjwa alimubeba. Watu wa afya wanamujua, mi pekee ndiyo sijui."

Hamimu aliweka chini tonge. Hakupaza sauti. "Wallahi, Houda, sina mutoto. Ndugu zangu walinisukuma nioe mwingine, nikakataa. Leo unanirushia hilo?"

"Ondoka uende kwake!"

Hamimu alifunga nguo zake chache kwenye begi, akaenda kwa dada yake Adija. Mlango aliufunga taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Asubuhi Houda alifungua duka macho yamemvimba. Simu ilipoita, aliipokea kwa mazoea tu.

Leo kijana alikuwa na furaha. Ufuatiliaji umekwisha, alisema, na hakuna mtu aliyewajibu vizuri kama yeye. Ndiyo maana ameona asiage kwa simu, aje mwenyewe kumshukuru na kumwona huyo mtoto hodari.

"Niko hapa kwako Ngagara, Mama Annick, nimefika mulangoni." Kisha sauti yake ikashuka. "Lakini mama, mbona watu wamejaa uani wanalia?"