Filamu Yenye Uzi Mwekundu

"Leta filamu, ama hiyo kamera naivunja," mkandarasi alisema, amesimama mbele ya darasa jipya ambalo Jumatatu lingejaa watoto.

Kezia, mpiga picha wa majengo na ndege, alikuwa ameupiga picha ukuta wa darasa hilo. Ulikuwa na ufa wa kuingiza kiganja. "Mimi sina," alijibu. "Vunja."

Mkandarasi akamgeukia mama yake Kezia, aliyesimama kando. "Mama Kezia, wewe ndiye mwenye akili hapa. Hebu mwambie mtoto wako."

Kweli, mama huyo aliogopa kila kitu: mamba, radi, hata kikohozi cha chifu. Ni mara ngapi alimwambia Kezia kamera itamletea balaa! Na sasa filamu mbili za Kezia zilikuwa kwake, ndani ya fundo la leso. Moja ilikuwa ya ukuta. Ile yenye uzi mwekundu ilikuwa ya ndege wa kisiwa cha Takawiri, kazi ya mwezi mzima, ya kalenda ya kwanza ya Kezia.

Vidole vya mama vikapapasa fundo mpaka vikaupata uzi. Akaitoa filamu hiyo, akang'oa kifuniko kwa meno, akauvuta utepe wote juani. Ukajikunja miguuni pake kama utumbo wa kuku.

"Mama! Hapana!" Kezia alilia kilio cha kweli kabisa, na mkandarasi akaenda zake akicheka.

Mama akakaza fundo la leso.

"Nyamaza, nyathina, mwanangu. Ofisi ya elimu Homa Bay inafungwa saa ngapi?"