Kanga Juu ya Chupa

Siku ya sita ya mimba yake Nyamizi hakutulia hata kidogo. Siku hizi kila mimba ilianza kukulia nyumbani, ndani ya chupa ya serikali, kabla ya kuhamishiwa tumboni, na kibali kilikuwa cha kiinitete kimoja tu. Jana seli za kiinitete chake zilikuwa zimekusanyika kama fundo la shanga. Leo aliikuta chupa imefunikwa kanga.

"Mama, nani kaifunika?"

"Mimi," alijibu mama mkwe wake, akipepeta mchele. "Mimba changa haianikwi, mwanangu. Watu wana macho."

Nyamizi aliivuta kanga. Chupa ilikuwa ya moto, imekosa hewa usiku kucha, na kiinitete kilikuwa kimejigawa. Kwenye kioo cha chupa yalionekana mafundo mawili, na maandishi chini yake: *Kibali ni cha mmoja. Yupi aendelee kukua?*

Mama mkwe alichungulia mafundo yale, ungo ukamtoka mikononi. Akapiga vigelegele.

"Mapacha! Kulwa na Doto! Wajukuu zangu!"

Nyuma ya ukuta, majirani wakaitikia.

Nyamizi aliifunika chupa upya, haraka, kabla majirani hawajaingia, akaikunja kanga mara mbili. Maandishi yakaendelea kuwaka, yakipenya kitambaani: *Yupi?*