Shikamoo Katikati ya Mbio

Mbio za kupokezana vijiti za makampuni zilianza Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Umande ulikuwa umekwisha kukauka; wanaosema zilianza saa mbili walikuwa bado vitandani.

Kiboko, mkurugenzi aliyependa mno kuheshimiwa, alijipa zamu ya mwisho ili yeye ndiye akate utepe. Wiki iliyotangulia alikuwa amempa Swala, tarishi wake, onyo la mwisho: "Ukinikabidhi kitu tena bila kunisalimu, huna kazi."

Katika zamu ya tatu Swala aliwaacha wenzake mbali. Alipomfikia Kiboko alisimama, akapiga goti, akamnyooshea kijiti kwa mikono miwili bila kukiachia.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Lete kijiti, mpumbavu wee!"

"Hujaniitikia, mzee. Nina watoto wawili, kazi naihitaji."

"Wanatupita!"

"Nawaona, mzee. Shikamoo."

Punda akapita. Ngiri akapita. Watazamaji wakapiga kelele: "Mwitikie mtoto wa watu, bosi!"

Wapo wanaodai kwamba Swala alifukuzwa. Si kweli, Kiboko alikesha akitafuta kosa la kumwandikia, asilipate. Wengine husema Kiboko alikataa katakata kuitikia. Huko ni kumsingizia. Aliitikia "Marahaba" vizuri kabisa, tena kwa sauti, ila wakati huo hata Kakakuona wa kampuni jirani alikuwa amekwisha kumaliza mbio, kuvua viatu na kunywa soda yake.