Mzigo wa Siku Tatu

Dereva wa kampuni ya usafirishaji hakufunga minyororo. Alitaka kwanza Bi Sikudhani afungue nyumba yake ya magurudumu, ambayo lori lilikuja kuivuta mpaka kwa binti yake, safari ya siku tatu.

"Unataka kuona nini?"

"Kila kitu, mama."

Bi Sikudhani alifungua, akasimama mlangoni akimchunga. Dereva, Chande kwa jina, alipekua kabati, akachungulia chini ya jiko. Anachagua cha kuiba, mwanamke aliwaza. Chande alipopenyeza mkono ndani ya godoro, Bi Sikudhani aliudaka.

"Hapo nalala mimi!"

"Mwaka juzi nilibeba godoro la mtu," Chande alisema. "Polisi wakalipasua njiani. Mwenyewe alitoroka, mimi nikakaa jela miezi minane."

Bi Sikudhani hakujua aamini au asiamini. Minyororo ilipokwisha kufungwa, aliichana tiketi yake ya basi, akapanda lorini.

"Twende sote."

Chande aliuchukua mkoba wake mwenyewe uliokuwa kitini kati yao, akaupakata, akawasha gari.